Lori lililokataa kuwaka alfajiri, na majira mazima niliyoyapoteza nikiilaumu baridi

Ile sauti naikumbuka vizuri. Ufunguo nimeshauzungusha, taa ya hita imeshazima, na stata inaanza kuizungusha injini: rruu... rruu... rruu... Polepole, kama mtu anayepandisha gunia zito ngazi moja moja. Nje bado giza, kioo cha mbele kimeshika barafu nyembamba, kipimajoto kinasoma nyuzi 6 chini ya sifuri. Nyuma kwenye eksozi hakuna moshi wowote. Nasubiri dakika mbili, napiga tena. Mara ya tatu moshi mweupe unaanza kutoka, mzito, unaochoma macho. Mara ya tano silinda moja inashika, halafu ya pili, kebini nzima inatetemeka, na mwishowe injini inawaka huku ikigonga kama nyundo juu ya bati.

Baada ya dakika kumi hutajua kama lilikuwa na shida. Linavuta mzigo vizuri, halitoi moshi, na ukilizima mchana ukaliacha saa nzima, linawaka kwa kugusa tu ufunguo. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Nilijiambia kwamba ugonjwa wa lori ni baridi, na baridi haina dawa, ni kuvumilia mpaka majira yapite. Nikavumilia. Nikanunua vitu. Nikavumilia tena. Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu kesho alfajiri atakaa kwenye usukani akiisikiliza sauti hiyo hiyo, na pengine ameshaambiwa ashushe pampu ya dizeli na nozeli zote zinazoipuliza dizeli kwenye silinda.

Lori lenyewe ni la tani tatu na nusu, injini ya silinda 4, pampu ya dizeli ya kizamani isiyo na kompyuta yoyote. Umeme wake ni volti 24, betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Lina hita plagi nne, moja kwa kila silinda.

Kitu cha kwanza nilichonunua ni betri, zote mbili. Na nikiri kwamba zile za zamani zilikuwa zimechoka kweli. Baridi huinyonga betri ya risasi na asidi: kufika nyuzi 18 chini ya sifuri, nguvu yake ya kuzungusha injini huwa imeshuka hadi karibu nusu, na wakati huo huo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inadai umeme mwingi zaidi kutoka kwa betri yenye uwezo mdogo zaidi. Betri mpya zilinipa siku tatu za furaha. Siku ya nne ubaridi ulizidi kidogo, na ile rruu... rruu... ikarudi kama ilivyokuwa.

Leo nisingenunua kabla ya kupima, na kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya mita ya kawaida. Betri ya volti 12 iliyolala usiku kucha ikiwa imejaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Zikiwa mbili kwenye mfululizo, pima kila moja peke yake, kwa sababu betri moja mbovu huificha aibu yake nyuma ya nyingine: jumla inaonekana ya kuridhisha hadi unapopiga stata. Halafu mtu apige stata huku wewe umeshikilia mita. Kwa volti 24 nataka isishuke chini ya 19 hivi. Ikishuka hadi 16, ama betri imekufa ama stata inakula umeme kupita kiasi. Mimi sikupima lolote. Nilisikia stata nzito, nikasema betri.

Cha pili ni hita plagi. Hapa nilikuwa na sababu nzuri zaidi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, na haijawa nayo tangu Rudolf Diesel alipoonyesha injini yake ikifanya kazi kule Augsburg mwaka 1897. Pistoni huibana hewa hadi inabaki sehemu moja ya kumi na tano, au hata ya ishirini na mbili, ya nafasi iliyokuwa nayo. Kubanwa huko huipandisha joto hewa hadi kuvuka nyuzi 500, na dizeli inayopulizwa ndani inajiwakia yenyewe. Sasa fikiria kuta za silinda zikiwa baridi kama jiwe la mtoni: joto lile linanyonywa na chuma kabla dizeli haijafika. Ndiyo maana hita ipo, ncha yake iwe nyekundu na kuipa dizeli mahali pa kuanzia kuwaka.

Nilizifungua zote nne. Mbili zilikuwa zimekufa. Unaweza kujua bila kuzifungua: toa waya unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia, funga upande mmoja kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha hita kwa upande mwingine. Taa ikiwaka, hita ni nzima. Isipowaka, imekatika ndani. Pia hakikisha umeme unafika kwenye ule waya ufunguo ukiwa umewashwa, maana mara nyingi hita zote ni nzima na kilichokufa ni rilei (swichi inayozipelekea umeme) au fyuzi yake. Taa ya dashibodi isikudanganye. Kwenye magari mengi ya zamani inazima kwa kuhesabu sekunde tu, haina habari kama hita zimepata moto au la.

Nikaweka hita nne mpya. Lori likawa bora, nasema kweli. Badala ya majaribio matano yakawa matatu. Lakini lilikuwa bado linanitia aibu mbele ya wenye mizigo, na kila asubuhi nilikuwa naamka saa nzima mapema kwa ajili yake.

Cha tatu sikukifanya kwa akili yangu timamu, ila nilikifanya mimi. Dereva mwenzangu alinipa kopo la dawa ya kupuliza, ile ya etha inayopulizwa kwenye bomba la hewa. Akasema, "Puliza kidogo tu, litawaka." Likawaka. Mlio uliotoka kwenye injini ile sijausikia tena na sitaki kuusikia: pigo moja kavu, kama chuma kinapasuka, halafu mengine mawili. Etha hujiwakia kwenye joto dogo kuliko dizeli, kwa hiyo inalipuka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Huvunja ringi za pistoni, huweza kupinda mkono wa pistoni. Na kwenye injini yenye hita plagi au hita ya bomba la hewa, ncha ile nyekundu inaiwasha etha kabla ya wakati wowote unaofaa, hata kwenye bomba lenyewe, mbele ya uso wako. Nilipuliza asubuhi mbili. Ya tatu nikalitupa kopo. Kama lori lako lina hita, tafadhali usilipulize. Baadhi ya injini hizo huzoea dawa mpaka haziwaki bila hiyo, na sababu yake ni kwamba ringi zimeshaharibika na kompresheni, yaani ule mbano wa hewa, imeshuka.

Baada ya hapo ndipo nilipoambiwa nishushe pampu na nozeli. Fundi aliyeniambia hakuwa ameona lori likikataa kuwaka hata mara moja. Nilikuwa nampelekea saa nne asubuhi, likiwa na moto, linawaka kwa kugusa. Angejua nini? Alisikiliza maelezo yangu na kusema pampu. Nikaanza kutafuta fedha.

Kilichoniokoa ni fundi mmoja mzee ambaye nilikwenda kwake kwa ajili ya jambo lingine kabisa, springi iliyovunjika. Nikamsimulia huku akifunga bolti. Hakunijibu mpaka alipomaliza.

"Liache hapa leo," akasema. "Usiliwashe tena. Kesho njoo kabla sijafungua."

"Mzee, sasa hivi lina moto, huwezi kulisikiliza kidogo?"

"Gari linaloumwa baridi nalipima likiwa na baridi, kijana. Likishapata moto linanidanganya kama linavyokudanganya wewe."

Nilifika kukiwa na giza. Alishafika. Alikuwa amevaa makoti mawili na ameshika mita mkononi, na jambo la kwanza aliloniambia ni nisiguse ufunguo mpaka atakaposema. Akaweka waya mweusi wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, kwenye nguzo yenyewe ya risasi, si kwenye klampu. Mwekundu akaukandamiza kwenye chuma kitupu cha injini alichokikwangua kwa kisu.

"Piga."

Nikapiga kwa sekunde tano. Rruu... rruu...

"Acha. Njoo uone."

Alikuwa ameitega mita ibaki na kipimo cha juu kabisa. Ilisoma volti 3.1. Akaniuliza, kati ya hasi ya betri na mwili wa injini kunatakiwa kuwe na volti ngapi? Sikujua. Karibu sifuri, akasema. Nusu volti wakati wa kupiga stata ni mwisho wa kuvumilika. Volti tatu hizo zilikuwa zinaishia njiani, hazifiki kwenye stata.

Kisha akaniambia nipige tena, sekunde kumi, na mara baada ya kuacha akaniita chini ya kebini. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya ule mshipi wa shaba uliosukwa unaounganisha injini na chasi. Chuma chote pembeni kilikuwa kinaumiza vidole kwa baridi. Mshipi, pale ulipofungwa kwenye chasi kwa bolti, ulikuwa na joto. Joto la kikombe ulichokimaliza kunywa. Nilibaki nimeushika hivyo hivyo, kwa sababu miezi miwili nilikuwa nalala na kuamka na tatizo hili na kumbe lilikuwa mahali ambapo mkono ungeweza kulishika.

Stata ya lori huvuta amperi mamia. Ukizidisha volti 3 kwa amperi 300 unapata wati 900, sawa na pasi ya umeme, zote zinapotea kwenye bolti moja yenye kutu. Alipoifungua, chini yake kulikuwa na ukoko wa kutu na rangi, na nusu ya nyuzi za shaba zilikuwa za kijani na zimekatika. Akakwangua chasi kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akaweka mshipi mpya, akaukaza, akapaka grisi juu. Kazi ya nusu saa.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua: kwa nini mchana hakuna tatizo, wakati kutu haijui asubuhi wala mchana? Alinieleza, na maelezo yake yamenisaidia kwenye mambo mengi tangu hapo. Mchana oili ni nyepesi, stata inavuta umeme kidogo, kwa hiyo hata kinachopotea kwenye ile kutu ni kidogo. Tena injini yenye moto haihitaji kuzungushwa kwa kasi wala haihitaji hita. Alfajiri kila kitu kinadai zaidi kwa wakati mmoja. Na hita zangu nne mpya nazo hurudisha umeme wake kupitia mwili ule ule wa injini, kwa hiyo kila nilipopiga stata, nazo zilikuwa zinakosa zile volti tatu. Kutu ilikuwepo majira yote. Baridi ilikuwa ndiyo pekee inayoidai malipo.

Tulipopiga tena, stata ilizungusha kwa sauti ambayo lori langu halijawahi kuitoa tangu nilinunue. Nikacheka kwa sauti. Na bado halikuwaka mara moja.

Hapa ndipo niliponusurika kukosea tena, maana nilitaka kumshukuru na kuondoka. Lilikuwa limewaka jaribio la pili, nami nilitosheka. Mzee hakutosheka. Alikuwa amesimama nyuma ya eksozi muda wote. "Sekunde nane za mwanzo hakuna moshi," akasema. "Liache tena usiku huu."

Moshi ndio kitu ambacho natamani kila dereva wa dizeli angefundishwa siku ya kwanza. Unapopiga stata injini ikiwa ya baridi na eksozi haitoi chochote, dizeli haifiki kwenye silinda. Hita, kompresheni, oili, vyote hivyo viache kwanza, tafuta dizeli: hewa kwenye mfumo, filta iliyoziba, au ile koili ya kuzimia kwenye pampu ambayo imeganda ikiwa imefunga (washa ufunguo, sikiliza, inatakiwa itoe mlio mdogo wa "tak"). Ukiona moshi mweupe unaonuka dizeli na kuchoma macho, dizeli inafika ila haiwaki. Hapo ndipo uende kwenye joto: hita, kasi ya stata, kompresheni, na kama pampu inapuliza dizeli kwa wakati wake. Moshi mweupe wenye harufu tamutamu ambao hauishi hata injini ikipata moto ni jambo lingine, huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mimi nilikuwa nimeyaona yote mawili kila asubuhi, kwanza hakuna moshi, kisha moshi mweupe, na sikujua kwamba lori lilikuwa linanieleza waziwazi kwamba lina magonjwa mawili. Stata nzito ilikuwa inalificha la pili. Kila kitu kilikuwa cha polepole, ningewezaje kujua kwamba sekunde nane zilikuwa za kuvuta hewa?

Jioni ile alikata hosi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akaweka badala yake kipande cha hosi ya plastiki inayoonyesha ndani. Tukaiwasha injini, tukaangalia: dizeli ya rangi ya manjano iliyopauka, imejaa, bila kiputo hata kimoja. Tukazima. Akachora mstari kwa kalamu pale dizeli ilipofikia, juu kabisa.

Alfajiri nilikwenda moja kwa moja kwenye hosi, na tochi. Juu ya ule mstari hapakuwa na kitu. Dizeli ilikuwa imeshuka kama upana wa kiganja, na nafasi iliyobaki ilikuwa hewa tupu. Usiku kucha dizeli ilikuwa inarudi tenkini kidogo kidogo. Tenki liko chini kuliko pampu, na popote hewa ikipata tundu, uzito wa dizeli unaishusha. Na kwa kuwa upande huo ni wa kuvuta, hakuna tone linalodondoka chini. Nilikuwa nimeangalia chini ya lori mara ngapi kutafuta dizeli iliyovuja! Hapavuji nje. Panavuta ndani.

Kuthibitisha alifanya jambo ambalo sasa nalifanya mwenyewe kabla ya jambo lolote lingine. Alichukua dumu dogo lenye dizeli safi, akalifunga mahali palipo juu ya pampu, akachomeka hosi kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu, akatoa hewa. Kwa njia hiyo tenki, mabomba na filta vyote vimewekwa kando. Akaniambia nipige. Lori likawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Nyuzi 8 chini ya sifuri. Pampu niliyotaka kuishusha ilikuwa nzima kabisa.

Tundu lilikuwa kwenye pampu ya mkono, ile ya kutolea hewa inayokaa juu ya filta. Ndani yake kuna ringi ya mpira. Alipobonyeza kwa nguvu mara ishirini hivi, ukajitokeza unyevu mwembamba wa dizeli kwenye shingo yake, kiasi cha kulowesha ncha ya kidole. Ringi yenyewe alipoitoa ilikuwa ngumu kama plastiki, ukiikunja inaonyesha nyufa. Mpira mkavu namna hiyo ukipata baridi husinyaa na kuacha nafasi; injini ikipata moto nao unalegea na kuziba. Mchana lilikuwa linaziba. Usiku lilikuwa linafunguka. Nilipoiona nilikaa chini kabisa, juu ya tairi. Ringi ile ndogo na bolti yenye kutu: ndiyo majira yangu yote hayo.

Akanionya nisiiache ile hosi ya plastiki. Ni ya kupimia tu. Joto la injini huifanya ngumu, siku moja inapasuka njiani. Tukarudisha hosi ya mpira, mpya, pamoja na klampu mpya pande zote mbili.

Tangu hapo nimekutana na ugonjwa mwingine wa baridi ambao watu huuchanganya na huu. Nilipakia mzigo kwenye ukanda wa joto, nikajaza tenki huko, nikapanda usiku kwenye baridi kali. Asubuhi lori liliwaka mara moja, moshi safi. Nikaenda kilomita mbili. Nguvu ikaanza kuisha, kama mtu anabana koo, likazimika. Likiwaka na kufa baada ya dakika chache, mawazo yangu ya kwanza ni nta. Dizeli ina nta ndani yake kwa asili. Ikipoa kiasi fulani inaanza kuwa na ukungu, kisha vipande vidogo vya nta vinakusanyika kwenye filta na kuiziba, hata kama tenki bado lina dizeli ya maji. Injini inawaka kwa ile iliyo kwenye pampu na mabomba, ikiisha ndio basi. Nilipofungua filta, karatasi yake ilikuwa imepakwa kitu cheupe chepesi kama mshumaa ulioyeyuka ukaganda.

Ndiyo sababu nchi za baridi huuza dizeli ya majira ya baridi. Kiwango cha Ulaya cha EN 590 kinazipanga kwa madaraja kutoka A, inayopita kwenye filta hadi nyuzi 5 juu ya sifuri, mpaka F, hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuna nyingine za maeneo ya baridi kali zaidi. Dizeli iliyonunuliwa kwenye joto haibadiliki kwa sababu umeipeleka mlimani. Dawa ya kuzuia nta inafanya kazi ikiwekwa kabla nta haijajitengeneza. Ukiimwaga baada ya dizeli kuganda umechelewa. Siku ile niliweka filta mpya niliyoijaza dizeli safi, nikaifunika na nguo zilizoloweshwa maji ya moto, nikangoja jua. Nimeona watu wakiwasha moto chini ya tenki. Tafadhali msifanye hivyo. Tenki, mabomba yenye mafuta, nyaya, hosi za breki, vyote viko hapo hapo, na moto hauchagui.

Oili nayo niliidharau muda mrefu. Ile herufi W kwenye kopo inahusu baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo ndivyo oili inavyobaki nyepesi kwenye baridi: oili ya 15W hupimwa uzito wake wa kuzungushwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ya 10W kwenye nyuzi 25, ya 5W kwenye nyuzi 30. Fuata kitabu cha injini yako, ila kama kinaruhusu namba ndogo, majira ya baridi itumie, utaisikia tofauti kwenye stata. Na kanyaga klachi mpaka mwisho unapopiga, stata isibebe na oili nzito ya gia. Usipige zaidi ya sekunde 15 au 20 kwa mara moja, kisha iache ipoe dakika mbili. Mimi nilizidisha, nikalipa kwa stata.

Kompresheni naitaja mwisho kwa sababu ndiyo ghali. Injini iliyochoka ringi itawaka vibaya kwenye baridi hata ukiweka kila kitu kipya, kwa sababu hewa inapita pembeni ya pistoni kabla haijapata joto. Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma na moshi unapuliza kwa nguvu, jiandae kwa habari hiyo. Pima kwa geji ya dizeli, silinda zote, uone kama kuna moja iliyobaki nyuma sana ya wenzake. Lakini pima hivyo baada ya mshipi wa hasi, baada ya dumu la dizeli, baada ya taa ya kupimia hita. Hizo tatu hazikugharimu kitu ila kuamka mapema.

Sasa naendesha lori lenye kompyuta. Vitu vimeongezeka: pampu lazima ijenge shinikizo la kutosha kwenye reli, lile bomba moja linalozilisha nozeli zote, kabla kompyuta haijaruhusu nozeli kufunguka, na ikiwa injini inazungushwa polepole mno, shinikizo hilo halifikiwi na eksozi haitoi moshi wowote. Mwezi uliopita kijana mmoja anayeendesha la aina hiyo hiyo alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Mashine ya kusoma kompyuta ilimwambia shinikizo la reli liko chini, na ameshaambiwa anunue pampu. Nikamuuliza kama ana mita. Anayo. Nikamwambia aweke waya mweusi kwenye nguzo ya hasi, mwekundu kwenye chuma cha injini, amwombe mtu apige stata.

Akanyamaza kidogo, nikasikia stata ikivuta upande wa pili wa simu, nzito.

"Mbili nukta sita," akasema.

"Haya. Ingia chini, uguse ule mshipi."